Aljebra: Namna ya kufungua mabano na kurahisisha sehemu

NENO aljebra lina asili ya Kiarabu, al-jabr, maana yake kuunga kilichovunjika. Lilienea kutokana na kitabu cha mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Maana hiyo inaafiki sehemu, yaani nambari kama nusu, thuluthi na sudusi, ambazo huwatatiza wanafunzi wengi zinapoandamana na herufi.

Tuchukue mfano huu:

(2x + 1)/3 – (x – 4)/2

Hatua ya kwanza ni kutafuta kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 2, nacho ni 6. Sehemu ya kwanza huzidishwa kwa 2 juu na chini, na ya pili kwa 3, ili thamani zake zisibadilike:

[2(2x + 1) – 3(x – 4)]/6

Hatua ya pili ni kufungua mabano. Kila kilichomo ndani huzidishwa kwa nambari iliyo nje pamoja na ishara yake. Hapa ndipo wengi hupoteza alama katika mtihani. –3 ikizidishwa kwa –4 huwa +12, wala si –12:

(4x + 2 – 3x + 12)/6

Hatua ya tatu ni kukusanya vinavyofanana, yaani herufi na herufi, nambari na nambari. Jibu ni (x + 14)/6.

Aliyeandika –12 atapata (x – 10)/6. Kosa hilo hugunduliwa kwa kuweka nambari mahali pa herufi. Iwapo x ni 4, swali lina thamani ya 9/3 – 0/2, yaani 3. Jibu sahihi hutoa 18/6, ambayo pia ni 3, ilhali lenye kosa hutoa –1.

Kuna mitego mingine miwili. Kwanza, 14 na 6 haziwezi kugawanywa kwa 2 huku x ikiachwa. Kigawanyo sharti kigawe kila kilicho juu, kama katika (6x + 12)/6, ambayo huwa x + 2. Pili, 6 iliyo chini haifutwi. Kuondoa nambari ya chini kwa kuzidisha huruhusiwa katika mlinganyo, wenye pande mbili zinazozidishwa kwa pamoja. Pasipo na ishara ya usawa katika swali, kufanya hivyo ni kubadilisha thamani yake.