Iafoni za Kuvaa Chini ya Helmeti: Soma Hii Kabla Hujatoa Pesa, Msee wa Nduthi

Simama steji ya boda pale Kalemng'orok asubuhi uangalie wasee kabla hawajatoka. Wengi wako na kitu sikioni. Huyu waya umetokea chini ya helmeti ukaingia mfuko wa shati, yule ameweka podi moja upande wa kushoto. Na siwalaumu. Kutoka hapo hadi Lokichar, halafu Lodwar, ni lami ndefu na jua la kuchoma ubongo, na ukirudi bila abiria huna hata mtu wa kubonga naye.

Shida sio kuvaa iafoni. Shida ni venye tunazinunua. Unaonyeshwa rangi, unaonyeshwa boksi inang'aa, unajaribu ngoma moja ndani ya duka penye kumetulia, unalipa. Ukifika barabarani husikii kitu, unapandisha sauti hadi mwisho, na unaishi hivyo mwaka mzima. Siku moja customer anakuambia bei mara tatu na bado unauliza "ati?"

Kwa hivyo hapa tuangalie iafoni za kuingia ndani ya sikio, za waya na zile zisizo na waya ambazo mtaani tunaita podi, na gani zinafaa mtu wa nduthi.

Adui ni upepo, sio injini

Wasee wengi hudhani kelele inayowasumbua ni ya injini. Ukiwa mwendo wa pole pale town, sawa. Lakini ukishapita kilomita 60 hivi kwa saa, upepo unaozunguka helmeti ndio unashinda injini kwa kelele. Ukikaribia 100, vipimo ndani ya helmeti huwa kati ya desibeli 95 na 100, na hiyo ni hata kwa helmeti nzuri inayofunika uso mzima. Zile za nusu ni mbaya zaidi juu upepo unaingia moja kwa moja.

Desibeli 95 ni nini? Taasisi ya Marekani ya NIOSH, inayoshughulika na afya ya wafanyakazi, inasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa masaa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Piga hesabu: 88 ni masaa 4, 91 ni mawili, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Ukienda na kurudi kwa kasi, masikio yako yamemaliza mgao wa siku kabla hujagusa kitufe cha muziki.

Sasa hapo juu ya hiyo kelele ndio unaongeza ngoma. Ili uisikie lazima iwe juu ya upepo. Yaani upepo 95, ngoma 100. Sikio halijui hii ni Gengetone na ile ni upepo wa Turkana, yote ni kipigo. Na sikio likishaharibika hivyo halirudi, hakuna dawa ya kulirudisha.

Hapo ndio unaona kwa nini swali la kuuliza dukani sio "inapiga beisi?" Swali ni "inaziba?" Iafoni ikiziba sikio vizuri, upepo unashuka, na unasikia ngoma kwa sauti ya chini kabisa. Ikikosa kuziba, hata iwe ya elfu ishirini, utapandisha tu.

Zile zinaziba na zile hazizibi

Kuna iafoni za plastiki tupu ambazo zinakaa mdomoni mwa sikio bila mpira wowote. Kwa nduthi, achana nazo. Upepo unapita kando kama mlango umeachwa wazi.

Tafuta zenye mpira wa silikoni unaoingia ndani ya tundu la sikio. Boksi ikiwa poa huja na saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Watu hutumia ile imekuja imewekwa na kutupa zingine. Usitupe! Masikio ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, kushoto kati, kulia kubwa. Jaribu hivi: vaa, usiweke muziki, sugua vidole karibu na sikio. Kama unasikia kama kawaida, haijaziba, badilisha saizi.

Bora zaidi ya silikoni ni mpira wa sponji, ile unaminya inakuwa nyembamba, unaingiza, inafura yenyewe ndani ya sikio. Huku kwetu ni ngumu kuipata dukani lakini mtandaoni iko. Ubaya wake ni jasho, inachoka haraka na inabeba uchafu.

Halafu kuna umbo. Mimi niliwahi kununua podi zenye mkia mrefu unaoning'inia, nikaona ziko fiti. Nikivaa helmeti, sponji ya ndani inakamata huo mkia na kuzungusha podi yote. Moja ilitoka nikiwa mwendo, sijawahi kuiona tena. Kwa helmeti unataka podi fupi na bapa inayozama ndani ya sikio, isitokeze nje. Kipimo rahisi: vaa podi, lala ubavu kwenye mto. Ikikuuma ukilala, itakuuma ndani ya helmeti.

Ndio maana nasema nenda dukani na helmeti yako. Mwenye duka atakuangalia vibaya, mwache. Vaa iafoni kwanza, kisha fungua helmeti kwa kuvuta kamba zake pande zote mbili nje, ishushe pole pole. Geuza kichwa kushoto na kulia, fungua mdomo kama unaita customer. Kaa nayo dakika kumi. Maumivu ya sikio hayaanzi dakika ya kwanza.

Kitu kingine hakuna mtu hukuambia ni vile vitufe vya kugusa. Podi nyingi za siku hizi unazigusa ili kusimamisha ngoma ama kupokea simu, na helmeti inazigusa kuliko wewe. Ngoma inasimama yenyewe, ama unajikuta umepigia mama mkwe ukiwa Lokichar. Uliza kama podi ina apu yake, na kama ndani ya apu unaweza kuzima kugusa.

Waya haijakufa

Najua podi ndio zinaonekana za kisasa, lakini kwa mtu wa boda wa Turkana Kusini, mimi bado nina heshima kwa waya.

Kwanza haichajiwi. Kama stima ni ya kubahatisha na unalipia kuchaji simu, hutaki kitu cha tatu cha kuchaji. Pili, bei. Tatu, na hii wasee wengi hawaijui, redio ya FM ndani ya simu hutumia waya wa iafoni kama antena. Ndio maana ukifungua redio kwa kabambe inakuambia ingiza iafoni kwanza. Ukiwa na podi pekee, kwa simu nyingi hiyo redio haifanyi kazi. Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa Akicha ama Maata ukiwa side za Lodwar, na hutaki kuchoma bandoli, nunua waya. Podi ziko sawa kwa mtu ambaye ameshashusha ngoma zake kwa simu, juu kuna sehemu katikati ya vituo network inapotea.

Waya uupitishe ndani ya nguo, chini ya reflekta, nyuma ya shingo, na uache kidogo uwe legevu ili ukigeuza kichwa usivutwe. Waya unaoning'inia kifuani utanaswa na mkono wa abiria akipanda, ama na mzigo. Na angalia tundu la simu yako kabla hujanunua, simu mpya nyingi zimeondoa lile tundu la duara na zinataka Type-C.

Herufi za kwenye boksi

Hapa ndio watu huliwa. Boksi inaandika ENC kwa herufi kubwa na muuzaji anakuambia "hii inakata kelele." Inakata, lakini sio yako. ENC ni ya maiki. Inasafisha sauti yako ili yule unampigia akusikie vizuri. Wewe ndani ya helmeti utaendelea kusikia upepo vile vile.

Yenye inapunguza kelele ndani ya sikio lako ni ANC. Inasikiliza ngurumo ya nje na kutoa sauti ya kinyume ya kuifuta, na inafanya kazi vizuri kwa ngurumo nzito isiyobadilika, ambayo ndio nyingi ndani ya helmeti. Lakini upepo ukigonga maiki ya podi moja kwa moja, ANC inachanganyikiwa na inaleta kelele yake yenyewe. Kwa helmeti ya nusu, ANC ni pesa umemwaga. Kwa helmeti iliyofungwa vizuri inasaidia. Ukilazimika kuchagua kati ya ANC na kuziba vizuri, chagua kuziba.

Herufi zingine ni za IP. Namba mbili zikifuata IP, ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Sasa soma vizuri: IPX7 inaonekana kubwa, lakini hiyo X maana yake haijapewa namba ya vumbi. Mtu wa Nairobi anaogopa mvua, sawa. Wewe wa Kalemng'orok unayekula vumbi ya barabara za ndani na kuvuka laga kavu, tafuta IP54 ama IP55. Hiyo 5 ya kwanza ndio yako.

Na joto. Betri ya podi haipendi jua. Usiache kile kikasha juu ya tangi ukienda kunywa chai, weka kivulini.

Sikio gani?

Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo trela inayokupita inatokea kulia kwako. Ukivaa moja, vaa kushoto. Ukiwa ndani ya center, Lokichar ama Lodwar town, ama ndani ya Kakuma penye watoto na mbuzi wako kila mahali, sikio la kulia liwe wazi kabisa. Hapo mwendo ni wa chini na upepo haujaanza kukuumiza.

Kwa highway ni tofauti. Sikio la kulia likiwa wazi kwa 80 linaumia, na hata hiyo honi hulisikii vizuri kwa sababu upepo umelijaa. Weka kizibo cha sponji cha kawaida, vile huvaliwa na watu wa viwandani. Kinapunguza upepo na honi kwa pamoja, kwa hivyo honi bado inasikika juu ya upepo. Halafu turudishe vioo vya pembeni, jameni. Msee ametoa vioo vyote viwili ati nduthi ikae smart, halafu ameziba masikio. Trela itamjulia wapi?

Kuna sehemu moja mimi siwezi kukuambia uvae kitu chochote cha muziki, na ni Kainuk kuja juu. Hiyo barabara imekuwa kwa habari kwa miaka mingi sababu ya wezi wenye bunduki, na Februari 2023 serikali ilituma jeshi North Rift, Turkana ikiwa kati ya kaunti sita zilizotajwa. Pale unataka kusikia mwenzako akipiga honi ya kukurudisha. Abiria pia anaweza kuwa ameona kitu kabla yako. Kubaliana naye kabla ya kutoka: kugonga bega mara moja ni simama. Akipiga kelele nyuma hutamsikia, iafoni ama bila.

Simu ikiingia, simama kando upokee. Kwa orodha ya makosa madogo ya trafiki ya 2016, kutumia simu ukiendesha ni faini ya Sh2,000, na kukosa helmeti ni Sh1,000. Hiyo ni safari ngapi za boda?

Pesa

Waya wa kawaida unaoziba utaupata kwa mia mbili, mia tatu hivi. Podi zenye apu na namba ya vumbi kwa kawaida zinaanza kama elfu mbili. Za chini ya thao, zenye jina kubwa lililoandikwa vibaya, ni bahati nasibu. Vizibo vya sponji ni pesa ya chapati, na kama una mia tatu pekee, ningenunua hivyo kwanza, muziki baadaye.

Ukishanunua, fanya hivi siku ya kwanza. Weka sauti ukiwa mwendo wako wa kawaida, mahali unasikia maneno ya wimbo. Simama, zima injini, usiguse sauti. Kama inakupigia kama club, bado haijaziba, rudi kwa mipira ubadilishe saizi. Na ukifika nyumbani jioni masikio yanalia nziii, siku hiyo ulipitisha.

Jioni hiyo hiyo chukua mswaki mzee uliokauka, sugua kile kichujio cha podi kikiangalia chini ili vumbi lianguke nje. Ukitumia maji unasukuma mchanga ndani, halafu utasema umeuziwa feki.