Ushirikishaji wa Faili

Miongoni mwa maneno yaliyoingia majumbani mwetu pamoja na kompyuta, ni machache yaliyofasiriwa kwa pupa kama lile ambalo katika simu na mashine nyingi zilizotiwa Kiswahili limeandikwa "Shiriki", nalo twalibonyeza kila siku bila ya kuuliza ni nani hasa anayeshiriki, na ni nani anayempa mwenziwe nafasi ya kushiriki. Mtu anayetuma picha hadhuriki na kosa hilo. Lakini kompyuta mbili za nyumba moja zinapotakiwa zitumie faili zilizomo katika mojawapo, na ile ya pili ikakataa katakata kulifungua kabrasha la mwenziwe, hapo hudhihiri kwamba wafasiri wetu wameacha silabi moja, na katika silabi hiyo ndimo ilimo kadhia yote.

Yapo maneno mengine yaliyojaribiwa. Wako waliopendelea kugawana, walakini kinachogawanywa hupungua, na faili isomwayo na watu watatu haipungui hata herufi. Wako wasemao kusambaza, neno lililozoeleka tangu watu walipoanza kupelekeana salio la simu. Nalo ni zuri mahali pake, ila kusambaza ni kutawanya, na kilichotawanywa huwa nakala nyingi mahali pengi, ilhali faili tuisemayo hubaki moja katika diski ya mwenyewe, na wengine huiendea papo hapo ilipo. Basi shina linalofaa ni lile lile la shiriki, lililotujia kutoka Kiarabu na kutuzalia shirika, ushirika na mshirika (na shirki pia, ambayo mashekhe hawataki kuisikia), maadamu tulinyambue ipasavyo: mgeni hushiriki, na mwenye mali hushirikisha. Fauka ya hayo, kitenzi kushirikisha hakitulii mpaka kimtaje mtu. Ukisema umeshirikisha na kunyamaza, msikilizaji hungoja jina. Na kompyuta nayo hungoja jina hilo hilo.

Kwa hiyo naliita tendo la mwenye faili ushirikishaji, na la yule aifikiaye ushiriki, kwani aghalabu hitilafu hutafutwa upande usio wake, mgeni akizimwa na kuwashwa mara kumi ilhali mwenyeji ndiye aliyefunga mlango.

Baina ya mashine hizo mbili pana lugha zinayosemezana, nayo ni itifaki iitwayo SMB, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM na Barry Feigenbaum katika miaka ya 1980, kisha ikachukuliwa na Microsoft na kutiwa ndani ya Windows. Kabla ya lugha kusemwa, hata hivyo, sharti wasemaji wafikiane. Ruta ya nyumbani huzipa kompyuta anwani zinazoanza, mathalan, na 192.168; ukiona moja yao ina anwani inayoanza na 169.254, ujue haikupewa kitu na ruta bali imejibunia yenyewe. Pengine anwani zote mbili ni sahihi lakini moja imeunganishwa na mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huutenga kwa makusudi. Na pengine Windows imeambiwa kwamba mtandao huu wa sebuleni ni wa hadhara, kama ule wa hotelini, nayo kwa uangalifu wake ikajificha na kuufunga mlango namba 445, ambao ndio wa SMB. Hapo dawa ni kuuita mtandao wa nyumbani kuwa wa faragha, wala si kuizima ngome nzima ya kinga kama wafanyavyo wenye haraka.

Jambo linalowatesa watu wengi zaidi, nami naona halistahili mateso hayo, ni kutoliona jina la kompyuta ya pili katika orodha ya mtandao. Kuonekana ni jambo moja na kufikika ni jambo lingine. Ukiandika mistari miwili ya mlazo wa nyuma na kuifuatisha na anwani ya mwenyeji, mara nyingi kabrasha litafunguka ingawa orodha ni tupu. Orodha ya zamani ilitegemea toleo la kwanza la SMB, na toleo hilo lilikuwa na tundu ambalo kirusi cha WannaCry kilipenya mwezi wa Mei 2017 na kuziharibia kazi hata hospitali za Uingereza. Mwaka huo huo Microsoft ikaacha kulitia toleo hilo katika usakinishaji mpya wa Windows 10. Wapo wanaokushauri ulirudishe kwa ajili ya printa kuukuu au diski ya zamani ya mtandao. Mimi simshauri mtu hivyo. Heri kuibadilisha hiyo diski. Vivyo hivyo asitafute mtu HomeGroup, njia ya ushirikishaji iliyokuja na Windows 7 na kuondolewa mwaka 2018, ijapokuwa maelekezo ya zamani bado yanaitaja.

Yakiisha hayo, husalia swali la nani, na humo ndimo mlimo matatizo mengi. Mashine ya mwenyeji hutaka jina la mtumiaji inayemjua yenyewe, pamoja na neno lake la siri. Namba fupi ya PIN unayofungulia skrini haitambuliki kupitia mtandao, na aliyeizoea miaka mingi huwa amekwisha sahau neno la siri lenyewe. Akaunti isiyo na neno la siri hukataliwa ikitoka mbali, hata kama hukubaliwa mbele ya kibodi. Na akiisha kutambulika, bado hupimwa kwa idhini mbili, ile ya ushirikishaji na ile ya diski yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo ifuatwayo. Ndiyo maana mtu huweza kuisoma faili na asiweze kuiandika.

Katika Linux kazi hii hufanywa na Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia, ambaye alipata jina hilo kwa kutafuta katika orodha ya maneno lile lililobeba herufi S, M na B. Samba huwa na daftari lake la maneno ya siri, mbali na lile la mfumo. Mtumiaji aliyesajiliwa katika kompyuta peke yake bado ni mgeni asiyejulikana kwake, mpaka aongezwe kwa amri ya smbpasswd.