Tabora Inasubiri Toleo Jipya: Kutoka Mabega ya Wapagazi hadi Treni ya Umeme

Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Ulaya, aliniandikia kwamba gari lake limechakaa lakini hataki kulibadilisha bado. Alikuwa amedhamiria kununua gari la umeme aina ya Tesla Model Y, mojawapo ya magari yaliyouzwa kwa wingi zaidi duniani mwaka 2023, na alikuwa amesikia kwamba toleo lililoboreshwa liko njiani. Kununua la zamani leo, alisema, ni kujipatia majuto kesho. Basi akawa anaendelea kulibembeleza gari lake bovu, wiki baada ya wiki. Toleo jipya lilitangazwa kweli mwanzoni mwa mwaka 2025, naye akaona subira yake imemlipa.

Sikumcheka. Ujumbe wake ulinikuta Tabora, mji ambao nao unasubiri toleo jipya la chombo cha usafiri. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wangu alisubiri peke yake, kwa fedha zake na kwa hiari yake. Mji mzima unaposubiri, ni lazima tuulize nani anabeba mzigo katika kipindi hicho.

Chombo chenyewe ni treni ya umeme. Ujenzi wa reli ya kisasa, yaani SGR, ulianza mwaka 2017 kwa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, na awali tuliambiwa kipande hicho kingekamilika mwaka 2019. Abiria wa kwanza walilipa nauli na kupanda tarehe 14 Juni 2024. Treni ilifika Dodoma mwezi uliofuata, na uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 1 Agosti 2024. Mkataba wa Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, na ule wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, Desemba 2022. Wenyeji wa Tabora wamekwisha kusikia sifa zake zote: mwendo wa kilomita 160 kwa saa, mabehewa safi, safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma isiyomaliza hata nusu ya siku. Wanaisubiri, na wana haki ya kuisubiri.

Hata hivyo, anayeijua historia ya njia hii atakumbuka kwamba Tabora imeahidiwa chombo kipya mara nyingi. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Nguo, shanga na bunduki zikapandishwa bara. Chombo cha usafiri kilikuwa bega la binadamu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya ratili sitini hadi sabini, kazi waliyoifahamu kwa taratibu zake: malipo yaliyokubaliwa, kirangozi wa kuongoza safu, vituo vya kupumzikia, na msimu wa kurudi nyumbani kulima. Burton na Speke, waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Kazeh mwezi Novemba, walitumia zaidi ya miezi minne njiani, na kila hatua ya miezi hiyo ilitegemea watu hao.

Kusubiri nako kulikuwa sehemu ya njia hiyo. Stanley alikwama Kwihara mwaka 1871 kwa sababu vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya magharibi. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa katika tembe hilo hilo tangu Stanley alipoondoka mwezi Machi hadi wapagazi walioajiriwa pwani walipomfikia mwezi Agosti. Leo tembe hilo ni makumbusho, na wageni huonyeshwa chumba cha mpelelezi. Mimi humfikiria zaidi mpagazi aliyetembea kutoka pwani hadi hapo akiwa na mzigo, kisha akaendelea.

Wageni hawakuridhika na chombo hicho. Walikiona ghali, cha polepole na cha kubishana. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alifanya jaribio la kupeleka ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akashawishika kwamba mikokoteni ingechukua nafasi ya wapagazi. Mwaka uliofuata msafara wa London Missionary Society ulikuja na mikokoteni yake. Mbung'o wakaua ng'ombe, magurudumu yakazama katika tope, na wamisionari wakarudi kuajiri wapagazi. Walipofika Ujiji Agosti 1878, mizigo yao ilikuwa vichwani na mabegani mwa watu. Mwaka 1879 wakaja tembo wa kufugwa kutoka India, wanne, kwa gharama za mradi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Nao hawakudumu. Kila toleo jipya liliposhindwa, wapagazi walikuwepo kuliokoa.

Kisha ikaja ahadi ya reli, na hapa ndipo ninapowaomba watumishi wa umma miongoni mwenu msome kwa makini. Serikali ya Wajerumani ilijadili reli ya kati kwa miaka mingi huko Berlin bila kufikia uamuzi. Wakati huo Waingereza walianza kujenga kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Bidhaa za kanda ya ziwa zilizokuwa zikipita Tabora zikaanza kuvushwa kwa meli hadi Kisumu na kuteremka Mombasa. Reli ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Katika muongo ule wa kungoja, mzigo ulikuwa umekwisha kutafuta njia nyingine. Mzigo una tabia hiyo hata sasa, na ushindani wa bandari na reli katika ukanda huu haujapungua.

Reli ilipofika, mpagazi wa njia kuu hakuwa na kazi tena. Hakuna aliyemwandalia nyingine. Wanyamwezi wengi waliokuwa wakisafiri kwa makubaliano yao wenyewe waliingia katika ujenzi wa reli na mashamba ya mkonge, chini ya manyapara. Na vita ilipozuka mwaka 1914 wakoloni walikumbuka tena bega la Mwafrika: watu walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, ni kumbukumbu yao iliyo katikati ya jiji.

Nilizungumza na mama mmoja anayeuza asali karibu na stesheni ya Tabora. Nilimwamkia, akaniitikia, tukazungumzia bei ya debe na ukame uliowasumbua nyuki. Nilipomuuliza kuhusu treni ya umeme, uso wake uling'aa.

"Mwalimu, tunaiombea ije. Lakini niambie wewe uliyesoma: na madebe yangu nitapanda?"

Sikuwa na jibu. Swali lake ni swali la sera. Reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, husimama katika vituo vidogo ambako watu huuza kuku, vyakula na asali madirishani, na abiria hupanda na mizigo yao. Treni ya mwendo kasi haiwezi kusimama kila mahali. Hilo ni la kiufundi na halina lawama. Lawama itakuja ikiwa hatutaamua mapema nani atawahudumia wa Saranda, Malongwe na Usoke.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sipingi msala mpya. Nauhitaji, na ningependa wanafunzi wangu wa Urambo na Kaliua wautumie wakiwa bado vijana. Ninachopinga ni fikra kwamba kwa kuwa jipya linakuja, la zamani liachwe life. Mafuriko ya mwaka 2009 na 2010 yaliposomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, tuliona jinsi nchi yote ya magharibi inavyotegemea mataruma yale ya zamani. Mwaka 2014 serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia kukarabati njia hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Busara hiyo isiishe kwa sababu nguzo za umeme zimeanza kuonekana.

Wanaharakati, ombeni kuona ratiba ya matengenezo ya reli ya zamani kwa bidii ile ile mnayoulizia asilimia za ujenzi wa mpya. Watumishi wa umma, mnapoandika mpango wa vituo, andikeni pia mahali pa debe la asali na nauli yake. Wanafunzi, nendeni Kwihara, kisha mpite stesheni jioni moja mkahesabu mizigo inayopanda.

Mwanafunzi wangu aliweza kusubiri kwa sababu gari lake bovu lilikuwa bado linawaka. Mama yule naye anasubiri, na kila treni ya zamani inapoingia bado hunyanyua madebe yake.