Salio la LUKU na Ankara ya Maji: Mambo ya Msingi kwa Mteja wa Bonde la Kilombero

Fedha inayolipwa kabla ya huduma kutumika hubaki kuwa haki ya mteja hadi huduma hiyo itolewe. Hata hivyo, namna ya kuhakiki na kudai salio hilo hutegemea mahali lilipohifadhiwa: ndani ya mita iliyofungwa nyumbani, au katika hesabu za taasisi inayotoa huduma.

Tofauti hiyo ina uzito kwa wakazi wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na maeneo mengine ya Bonde la Kilombero. Kipato cha kaya nyingi za bonde hilo hutegemea mavuno ya mpunga, na zipo familia ambazo huhamia mashambani kwa miezi kadhaa wakati wa kilimo, huku nyumba ya mjini ikibaki na mita yake.

Salio lililo ndani ya mita

Mteja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) anayetumia LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, hulipa kwanza na kupewa namba yenye tarakimu 20. Namba hiyo hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, na mita nyingine haiwezi kuipokea. Inapoingizwa, uniti huhesabiwa na kutunzwa ndani ya mita yenyewe, na hupungua kadri umeme unavyotumika.

Kwa kuwa mita za kawaida za LUKU hazihitaji mtandao wa mawasiliano ili kufanya kazi, uniti zilizokwisha kuingizwa haziwezi kuondolewa kutoka ofisini na kupelekwa kwenye mita nyingine. Mteja aliyenunua kwa namba ya mita isiyo yake anapaswa kutoa taarifa mapema kabla namba hizo hazijatumika. Aliyepoteza ujumbe wa manunuzi anaweza kuomba TANESCO imtafutie namba zake, akiwa na namba ya mita, kiasi na tarehe ya malipo.

Funzo la Novemba 24, 2024

Umuhimu wa kuingiza namba mara baada ya kununua ulionekana wakati wa maboresho ya mita ya mwaka 2024. Mita za malipo ya kabla zinazotumia mfumo wa kimataifa unaotumiwa pia na LUKU hutambua kila namba kwa kuhesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilifikia ukomo Novemba 24, 2024. Wateja walipewa namba za ziada za kuboresha mita, ambazo zilipaswa kuingizwa kwanza kabla ya namba za umeme.

Uniti zilizokuwa tayari ndani ya mita hazikuathiriwa na mabadiliko hayo. Namba za zamani zilizonunuliwa na kuwekwa bila kuingizwa ndizo zilizokuwa katika hatari ya kukataliwa na mita. Kwa hiyo, mkulima anayenunua umeme wa kutosha miezi kadhaa baada ya mavuno hupata usalama zaidi kwa kuuingiza wote katika mita kuliko kutunza namba ndani ya simu.

Makato yanayolimbikizwa

Kiasi kinacholipwa hakigeuki chote kuwa uniti. Risiti huonesha Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na asilimia 1 ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Aidha, tangu Agosti 20, 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU. Kiwango cha nyumba ya kawaida, baada ya mabadiliko ya mwaka 2023, ni shilingi 18,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 1,500 kwa mwezi. Mwezi usipofanyika ununuzi, kodi hiyo haifutiki bali hulimbikizwa. Kwa mfano, familia iliyokuwa shambani kuanzia Januari hadi Machi ikinunua umeme wa shilingi 10,000 mwezi Aprili, shilingi 6,000 hukatwa kwa ajili ya miezi minne, na shilingi 4,000 pekee ndizo huingia katika hesabu ya umeme na tozo zake. Upungufu huo wa uniti hautokani na hitilafu ya mita.

Mlipaji wa kodi ya majengo ni mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa kupitia mita anashauriwa kutunza risiti ili kiasi hicho kifidiwe katika kodi ya pango kwa makubaliano. Vilevile, uniti zilizobaki wakati mpangaji anahama hubaki katika mita, hivyo ni vyema zihesabiwe wakati wa makabidhiano.

Salio lililo katika hesabu za taasisi

Kwa huduma ya maji inayolipiwa baada ya matumizi, utaratibu ni tofauti. Mteja hulipa kwa namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12, inayoanza na 99. Akilipa zaidi ya ankara, ziada hiyo huingizwa katika akaunti yake na kupunguza ankara inayofuata. Mara nyingi huoneshwa kwa alama ya kutoa mbele ya kiasi, ikimaanisha kuwa taasisi ndiyo inayodaiwa na mteja.

Mteja anapaswa kulinganisha mambo matatu kila mwezi: usomaji wa mita, malipo yaliyopokelewa na salio lililoletwa kutoka ankara iliyotangulia. Malipo yasipoonekana, risiti yenye namba ya malipo ndiyo uthibitisho wa kwanza.

Hatua za kuwasilisha malalamiko

Lalamiko kuhusu salio huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, na ni muhimu liwasilishwe kwa maandishi na nakala kutunzwa. Mteja asiporidhika na majibu anaweza kulifikisha EWURA, na anaweza kuomba msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC). Masuala yanayohusu kiwango au uhalali wa kodi ya majengo huwasilishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).