Chatu akikataa kula au akitapika: mambo ya kuangalia kwanza

Chatu wa kufugwa si mnyama wa kila kijiji, lakini wapo. Wako kwenye bustani za nyoka zinazotembelewa na wanafunzi na watalii, na wako kwa wacheza ngoma wa Usukuma, wanaoingia nao uwanjani kwenye sherehe kama Bulabo pale Bujora, karibu na jiji la Mwanza. Anayewatunza hukutana zaidi na shida mbili: chatu hataki kula, au amekula kisha akatapika.

Hapa tunazungumzia chatu tu, ambaye hana sumu. Nyoka wa sumu tunamwachia mtaalamu. Tukumbushane pia kwamba Tanzania na Kenya haziruhusu kumfuga chatu bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori.

Tuanze na kutapika, maana ndiko kunakoua haraka.

Ng'ombe hutengeneza joto ndani ya mwili wake. Chatu hulichukua nje, juani au kwenye jiwe lililopata moto. Akishameza mnyama mzima, na manyoya na mifupa yake, tumbo huanza kutoa asidi kali, na utumbo wake mwembamba unaweza kuongezeka uzito hata maradufu kwa ajili ya kazi hiyo. Bila joto la kutosha kazi hiyo husimama. Panya aliyemezwa huanza kuoza tumboni, na chatu humtoa akiwa mzima au nusu, akinuka vibaya. Kwa hiyo chatu akitapika, swali la kwanza ni: alilala wapi? Usiku wa Julai huko Njombe au Limuru, sanduku lililowekwa kwenye sakafu ya saruji ni baridi mno kwake.

Upande mmoja wa banda uwe na joto la nyuzi 30 hadi 32, na upande mwingine uwe na ubaridi kiasi ili achague mwenyewe. Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha. Ukitumia balbu, izungushie wavu, kwa sababu chatu hujiviringisha kwenye balbu yenye moto na kuungua bila kujiondoa. Pasipo umeme, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa kizito husaidia usiku, ila zinahitaji mtu wa kuzibadilisha.

Sababu ya pili ni kushikwashikwa. Chatu aliyeshiba asiguswe kwa siku mbili angalau, na akiwa amekula mnyama mkubwa, asiguswe mpaka uvimbe wa tumboni upungue. Hapa ndipo wacheza ngoma hukosea: chatu analishwa ijumaa ili awe mpole, jumamosi anabebwa mabegani mbele ya umati. Tunaona ni heri aende uwanjani na njaa, alishwe ngoma ikiisha.

Sababu ya tatu ni ukubwa wa chakula. Panya au kuku asizidi unene wa chatu pale mwili wake ulipo mnene zaidi.

Akishatapika, usimlishe tena siku hiyo kwa huruma. Koo na tumbo vimechubuliwa na asidi. Mpe maji safi, mpe joto, mwache siku 10 hadi 14, kisha mpe chakula cha nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika mara ya pili, hilo si la kujaribia nyumbani. Huenda ana minyoo au maambukizi, na anahitaji daktari wa mifugo.

Kukataa kula ni jambo jingine, na mara nyingi halina haja ya kuogopesha. Chatu mkubwa anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Hukataa macho yakiwa na ukungu wa kibuluu, yaani anakaribia kujivua gamba. Jike anayeatamia mayai hujiviringisha juu yake na kwa kawaida hali. Chatu aliyehamishwa banda juzi naye huhitaji utulivu kwanza. Badala ya kubahatisha, mpime kwa mizani kila wiki mbili na uandike. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, au uti wa mgongo ukianza kujitokeza kama ukingo, tafuta msaada.

Usimsukumie chakula kooni kwa kijiti. Unaweza kumchana koo. Usimwachie panya hai usiku kucha pia, kwani panya mwenye njaa humtafuna nyoka. Mpe panya aliyekwisha kufa, mwenye uvuguvugu, jioni, kisha uondoke. Na asiwe panya aliyeokotwa nyumbani au ghalani: huenda alikula sumu ya panya, na sumu hiyo itamfikia chatu.

Kuna pia choo kigumu. Kinyesi cha chatu hutoka na kipande cheupe kama chokaa, na hicho ni cha kawaida, ndio mkojo wake. Wiki zikipita bila choo na kukawa na uvimbe karibu na mkia, mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi nusu ya unene wa mwili wake, dakika 20, ukiwa umesimama hapo. Usimpe mafuta wala dawa ya kuharisha ya binadamu.

Usisubiri wiki mbili ukiona povu au usaha mdomoni, pumzi ya kukoroma, au uvimbe katikati ya mwili usioisha hata akiwa hajala. Nenda kwa daktari na kinyesi kibichi kwenye kichupa safi, pamoja na daftari lako: alikula nini, lini, alitapika baada ya siku ngapi, na banda lilikuwa na nyuzi ngapi. Kabla ya kuondoka nawa mikono kwa sabuni, maana chatu mwenye afya pia hubeba vimelea vya kuharisha, na beseni lake lisirudi jikoni.