Grupe ya kufunga au ya kubeba? Historia ya umeme wetu inajibu



Juma lililopita, katika mkutano wa redio yetu hapa Kambove, tulibishana karibu saa mbili juu ya jenereta, au grupe kama tunavyosema. Tumepata remorke ya zamani. Tunataka kuigeuza studio ndogo, tuivute nyuma ya gari hadi vijiji vya mbali na mahali walipo wakimbizi wa ndani, tulale humo siku mbili tatu, turekodi habari na kuchaji simu za watu. Je, grupe ifungwe ndani ya remorke, au tununue ya kubeba mkononi? Fundi wetu alitaka ya kufunga. Mama mmoja aliyekimbia upande wa Mitwaba, ambaye hutusaidia kupeleka habari kwa wenzake, aliuliza swali moja tu: remorke ikirudi mjini, taa itabaki na nani?

Swali lile lilinirudisha nyuma, kwenye historia ya umeme wetu.

Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Shaba ilikuwepo, lakini nguvu ya kuendesha mashine ilikuwa shida. Makaa ya mawe yalitoka mbali, Wankie, katika nchi inayoitwa sasa Zimbabwe. Ndipo wakubwa wa Union Minière wakautazama mto Lufira. Kwenye maporomoko ya Mwadingusha, humu humu katika territoire ya Kambove, ikajengwa centrale iliyoanza kazi mwaka 1930. Maji yaliyozuiwa yakawa ziwa Tshangalele, lile linalotupa samaki mpaka leo. Baadaye ikajengwa Koni, chini kidogo kwenye mto huo huo, na miaka ya 1950 zikafuata Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba.

Hizo zote ni mashine za kufungwa. Nazo zilifanya kazi kubwa, tusikatae. Lakini mashine ya kufungwa humhudumia yule ambaye ilifungwa kwa ajili yake. Umeme ulikwenda kwenye migodi, viwanda na kambi za wafanyakazi. Wavuvi wengi waliendelea kutengeneza nyavu zao kwa mwanga wa koroboi, huku nyaya zikipita juu ya vichwa.

Mwaka 1982 jambo hilo lilijirudia kwa ukubwa zaidi. Laini ya Inga ilifika Kolwezi, kilomita karibu 1,700 kutoka mto Kongo. Umeme wake ni wa mkondo mmoja, ambao hauwezi kugawanywa njiani kwa urahisi. Ni kama treni isiyo na vituo. Vijiji vingi chini ya nguzo zake vimebaki gizani.

Halafu ikaja miaka ya 1992 na 1993. Maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wafanyakazi wa Gécamines na familia zao, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa. Walikuwa jirani zetu. Mtu aliyekuwa na balbu katika kila chumba alitoka na godoro na sufuria. Umeme ulibaki ukutani. Miaka iliyofuata, waliokimbia vita katika pembetatu ya Mitwaba, Manono na Pweto waliondoka vilevile, na mizigo kichwani.

Katika miaka hiyo ya SNEL kukatika mara kwa mara, grupe ndogo ziliingia sokoni. Wajapani walikuwa wakizitengeneza tangu miaka ya 1960, na Wachina wakazifanya za bei nafuu. Kinyozi, muuza soda na mchaji simu wakapata umeme wao wenyewe, unaobebwa kwa baiskeli. Ni ghali kwa mafuta na una kelele, lakini humfuata mtu anapokwenda.

Hata Mwadingusha ilizeeka. Mitambo yake imerudishwa upya, na mwaka 2021 ilianza tena kutoa umeme. Kampuni iliyogharamia kazi hiyo ilipata haki ya umeme kwa mgodi wake wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Mnaona, desturi ni ile ile tangu 1930.

Basi turudi kwenye remorke. Fundi wetu ana haki katika mengi. Grupe ya kufunga haiibwi kirahisi, huwashwa kwa kubonyeza, na kelele yake hupunguzwa na sanduku lake. Lakini ni nzito, na ikiharibika remorke nzima hulala kwa fundi. Ya kubeba, watu wawili huishusha, na fundi wa pikipiki huweza kuitengeneza. Hesabu yetu ni ndogo: simu 20 kwa wati 10 ni wati 200, ongeza kompyuta, taa na vyombo vya kurekodi, hatufiki wati 700. Injini hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu kwenye miinuko kama yetu, kwa hiyo ya wati 1,000 inatutosha.

Tumechagua ya kubeba, na mnyororo wa kuifunga usiku. Tukiondoka, inaweza kubaki juma zima mikononi mwa kamati ya wakimbizi.

Ombi moja kwenu mnaotumia grupe: msiilaze ndani ya nyumba, hema wala remorke, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Iwekeni nje, hatua kumi kutoka mlangoni, na msitie esansi injini ikiwa moto.

Na kwa mama aliyeuliza: safari hii, taa itabaki nanyi.