Kompyuta alipokuwa mtu

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, turudi kwenye historia. Je, wajua kwamba kabla ya kompyuta kuwa mashine, hicho kilikuwa cheo cha mtu? Watu waliajiriwa kupiga hesabu kutwa kucha kwa penseli na mashine ndogo za mezani, na wakaitwa hivyo hivyo: kompyuta.

Mmoja wao ni Dorothy Vaughan, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1910. Alifundisha hisabati katika shule ya upili mjini Farmville, Virginia, hadi Desemba 1943 alipoingia maabara ya Langley, ambako shirika la NACA lilifanya utafiti wa ndege. Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, yeye na wenzake weusi walitengewa ofisi yao upande wa magharibi. Mwaka wa 1949 akapewa kukisimamia kitengo hicho. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuwa msimamizi NACA kabla yake.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Tarakilishi zilianza kufanya kwa dakika chache hesabu zilizowachukua watu siku nyingi. Mwaka wa 1957 IBM ikatoa lugha ya FORTRAN. Mwaka uliofuata NACA ikageuka NASA, na kile kitengo cha magharibi kikavunjwa.

Vaughan alifanya nini? Alijifunza FORTRAN, kisha akawafundisha wanawake aliofanya kazi nao. Akahamia idara mpya ya uchanganuzi na ukokotoaji, iliyochanganya weusi na weupe, wanawake kwa wanaume, akiwa mtaalamu wa kuandika programu. Alichangia mradi wa roketi za Scout, akastaafu mwaka wa 1971.

Tusiipambe hadithi. Alitamani kuwa msimamizi tena, na cheo hicho hakukipata. Kujifunza hakukuondoa ubaguzi. Kilichompa ni kwamba mashine zilipoingia, alikuwa na kazi ya kufanya, na waliomfuata pia.

Kwetu sisi watengenezaji programu kuna mambo mawili hapa. Kwanza, hakutupa hisabati yake ili aanze upya. Aliitumia kama msingi, akaongeza lugha mpya juu yake. Mwenye kuzijua hesabu ndiye anayejua mashine ikikosea. Pili, kujifunza na kufundisha vilikwenda pamoja, kwa hiyo hakuvuka peke yake.

Siku hizi kuna mashine zinazoandika msimbo, na wengi wananiuliza kama wahamie fani nyingine. Pengine ndiyo. Ila kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tenga saa moja kila jioni ujifunze kitu ambacho kazi yako ya sasa haikudai. Mshahara bado unaingia, na ukikosea hakuna atakayelala njaa.

Wewe umeanza kujifunza nini?